Vitunguu Vinasubiri Kingipini

Lori la masafa marefu halifi ghafla, hushushwa cheo. Likiwa jipya hutoka bandarini Dar es Salaam likaenda mpaka Tunduma na kurudi. Likianza kuchoka hupewa safari za Morogoro na Iringa. Likichoka zaidi huangukia kwenye mchanga, kokoto na miwa. Na likifika umri ambao hata kampuni iliyoliunda imekwisha kuuzwa, kuunganishwa na nyingine au kufilisika kabisa, huacha lami pale Ruaha Mbuyuni na kuingia njia ya vumbi ya Malolo kubeba vitunguu. Huko ndiko linakokutana na swali ambalo katika ujana wake lilikuwa likijibiwa na karani wa stoo: kingipini itapatikana wapi?

Malolo ni kata ya pembeni kabisa katika Wilaya ya Kilosa, upande ule ambao Mto Ruaha Mkuu unaitenga Morogoro na Iringa. Ukiwa barabara kuu huioni. Unachokiona ni mibuyu, mawe na jua, na wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni waliopanga bidhaa zao kando ya lami. Abiria wa basi anayenunua dirishani haulizi vimelimwa wapi. Vingi vimetoka mabondeni, nyuma ya vilima, na Malolo ni mojawapo ya mabonde hayo. Skimu ya umwagiliaji ya Mwega, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, huchepusha maji ya mto wa jina hilo na kuyapeleka kwenye majaruba ya mpunga na mashamba ya vitunguu. Maji yalifikiriwa vizuri. Magari yameachiwa makorongo.

Na kitunguu kikishang'olewa hakina subira na mtu. Kinaanikwa, kinakatwa majani, kinajazwa kwenye magunia, mara nyingi kwa lumbesa, ule ujazo wa kupita mdomo wa gunia ambao serikali imeukataza mara nyingi na wanunuzi wameendelea kuuhesabu kuwa gunia moja. Kisha kinalisubiri lori. Mvua ikitangulia, kimeoza.

Sasa, ni lori gani litakalokwenda? Mwenye lori jipya la Kichina, ambalo bado analilipia benki kila mwezi, hataki hata kusikia habari za makorongo. Anayekubali ni mwenye Bedford, Leyland, Isuzu ya zamani au Scania ya pua ndefu. Lori lililomaliza deni lake kabla dereva wake wa sasa hajazaliwa. Lina springi nene, halina kompyuta, na likikwama linanasuliwa kwa jembe na vijana wanne. Ulaya kuna vyama vya watu wanaoyafuta vumbi malori ya aina hiyo na kuyapeleka kwenye maonyesho siku ya Jumapili, na wanachama wao hutafutiana vipuri kwa raha zao, maana kipuri kikichelewa mwaka mzima hakuna kinachoharibika. Malolo lori la mwaka 1972 linakwenda kazini Jumatatu asubuhi. Kipuri kikichelewa wiki mbili, kuna mtoto atakayechelewa kulipiwa michango ya shule.

Katika lori la umri huo, injini ndiyo inayosifiwa na usukani ndio unaosahauliwa. Injini ikifa, lori linasimama. Gia boksi ikifa, lori linasimama. Usukani ukikatika, lori linaendelea kwenda, ila sasa linakwenda linakotaka lenyewe.

Tuufuate mnyororo wenyewe. Dereva anazungusha usukani. Nguzo yake inashuka hadi kwenye stelingi boksi, ambamo mzunguko unageuzwa kuwa mwendo wa mbele na nyuma. Mkono uliotoka kwenye boksi unasukuma draglinki. Draglinki inalivuta au kulisukuma gurudumu la upande wa dereva, na tairodi, ile fimbo ndefu inayopita kati ya magurudumu ya mbele, inalilazimisha la pili lifuate. Magurudumu yote mawili yanageukia kwenye kingipini, pini nene ya chuma kigumu iliyosimama wima kwenye ncha ya ekseli. Kila kiungo kina boljointi au bushi yake, na kila kimoja kikiliwa kidogo tu, dereva anakuja kuyakusanya yote mikononi: anazungusha usukani robo nzima kabla tairi halijapata habari. Ubaya ni kwamba dereva mzoefu hulizoea jambo hili. Mikono yake haitulii hata kwenye barabara iliyonyooka, na yeye anadhani ndivyo malori yalivyo. Siku akiugua na kumwachia utingo usukani, ndipo watu wanapojua lori lilikuwa gonjwa kiasi gani.

Mikumi, kwenye gereji bubu moja, nilimtazama fundi akilipima lori la namna hiyo. Aliinua ekseli ya mbele kwa jeki, akasukumiza gogo chini yake kwa usalama, akashika tairi juu na chini kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza. Akamwambia kijana wake apande akanyage breki, akatikisa tena. Likacheza vilevile.

"Si beringi," akasema bila kugeuka. "Ingekuwa beringi, breki ingeituliza. Hii ni kingipini."

Halafu akashika tairi kushoto na kulia, huku kijana ameweka kiganja kwenye kila kiungo cha tairodi kimoja kimoja, akisikiliza kwa vidole. Ilichukua muda kuitoa pini ile. Walipiga nyundo, wakamwaga mafuta ya taa, wakangoja, wakapiga tena. Ilipotoka aliifuta, akavaa miwani, kisha akatoa venia ndani ya soksi. Kifaa hicho cha kupimia kilikuwa kitu pekee gerejini pale chenye mahali pake pa kulala. Akaipima pini mara tatu: juu, katikati, chini. Katikati hapaliwi, kwa kuwa pamekamatwa na jicho la ekseli. Juu na chini ndiko bushi zinakozunguka. Kwa hiyo katikati ya pini panakwambia ilitoka kiwandani na unene gani, na ncha zake zinakwambia imepoteza kiasi gani tangu hapo.

"Mzee, hii haina milimita," akamwambia mwenye lori. "Hii ni ya inchi."

"We niandikie tu, mwanangu. Nikifika Dar nitajua."

"Nikikuandikia watakuuzia ya milimita. Ichukue, nenda nayo mwenyewe."

Ushauri huo una thamani kuliko duka zima la vipuri. Malori ya Kiingereza ya zamani yalichongwa kwa inchi. Ya Kiitalia, Kiswidi, Kijerumani na Kijapani kwa milimita. Tofauti kati ya pini mbili inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba macho hayaioni, na fundi mwenye haraka ataipiga nyundo mpaka iingie. Itaingia. Itakaa vibaya, itakula bushi kwa upande mmoja, na baada ya msimu mmoja mwenye lori atalaani spea feki ilhali spea haikuwa feki. Ilikuwa ya gari lingine.

Kwa hiyo mzee anapanda basi na pini yake mfukoni, takriban kilomita 300 mpaka Dar es Salaam, anafika Kariakoo, anakwenda mtaa wa Gerezani. Watu wengi wanaijua Gerezani kwa kelele zake za mabati na masufuria. Wenye magari wanaijua kwa vumbi lake jeusi la mafuta na vijana wanaokudaka mkono kabla hujafika: "Mzee, spea gani? Gari gani? Njoo huku." Jibu la "Bedford" huwachekesha kidogo. Lakini mpitie muuzaji wa makamo, yule asiyeita watu, anayekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta iliyojaa boljointi zisizo na maboksi. Huyo hakuulizi gari. Ananyoosha mkono apewe pini. Anaipima, anaangalia dari, anaingia ndani, anarudi na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya gari ambalo mzee hajawahi hata kulipanda.

Hapo ndipo kutafuta kipuri kunapoanza kuwa elimu. Ncha ya boljointi ina mchongoko, na mchongoko huo lazima ukae sawasawa na shimo la mkono unaoupokea. Wanaoijua kazi hupaka chaki kwenye ncha, wakaiingiza, wakaizungusha kidogo na kuitoa. Chaki ikifutika pande zote, imekaa. Ikifutika juu tu, au chini tu, kipuri hicho kirudi dukani hata kama nati inakaza vizuri, kwa sababu nati itakaza na shimo litaendelea kuliwa kimyakimya. Halafu tairodi ina ncha mbili, moja ya sredi za kulia na nyingine ya sredi za kushoto, ili ukizungusha fimbo yake katikati magurudumu yasogeleane au yaachane. Asiyejua hununua mbili za kulia kwa sababu zimefanana na bei ni nzuri. Akifika Mikumi, fundi anazitazama, anamtazama yeye, anaomba maji ya kunywa.

Malori haya hayakufika kwetu kwa ajali ya historia, na inafaa kukumbuka yalikujaje. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya kusini ni ya adui. Mafuta yalianza kupita Dar es Salaam, kwa ndege na kwa mapipa juu ya malori, kwenye barabara iliyokuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, ikipita Morogoro, Mikumi na Iringa kwenda Mbeya. Madereva waliipa barabara hiyo jina la njia ya Jehanamu, na kwa masika ya miaka ile hawakuikosea. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitalia ya Intersomer, ziliunda kampuni ya uchukuzi wa barabara, Zambia-Tanzania Road Services, na yakaingia malori ya Fiat na matela yake.

Fiat 682 ilikuwa imeanza kuundwa mwaka 1952, na ilikuja na bahati moja ambayo watu wachache huikumbuka: Italia kwenyewe malori makubwa ya enzi hizo yaliwekwa usukani upande wa kulia, ingawa magari huko hupita kulia, ili dereva auone ukingo wa barabara za milimani. Sisi tunaopita kushoto tukaletewa lori lenye usukani mahali tunapoutaka bila kiwanda kubadili kitu. Aliyepata kuteremka mlima wa Kitonga na gari zito ataelewa kwa nini Mtaliano alitaka kuuona ukingo.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilifika 1968, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Jehanamu ikawa barabara. Upande wa Kilosa, mashamba ya mkonge yalikuwa na Bedford na Leyland zao tangu enzi za Mwingereza. Kibaha kikajengwa kiwanda cha TAMCO cha kuunganisha Scania. Mpaka leo eneo hilo watu wanaliita TAMCO. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Magari la Taifa kushika uagizaji. Kwa muda mfupi, aliyenunua lori alinunua pia ahadi ya kipuri: kulikuwa na stoo, kulikuwa na kitabu cha vipuri chenye michoro na namba, na kulikuwa na karani aliyejua kukisoma.

Ahadi hiyo haikudumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaisha. Lori zuri liliweza kusimama mwaka mzima kwa kukosa boljointi. Ndipo mafundi wa nchi hii walipojifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Walichinja gari moja kuponya jingine. Walijua stelingi boksi ya lipi inaingia kwenye fremu ya lipi, na matundu mangapi yatobolewe upya. Bajeti ya mwaka 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zimetoka wapi, na spea zikaanza kurudi madukani. Lakini zilirudi kupitia mlango mwingine. Karani na kitabu chake hawakurudi nazo.

Na wakati huo viwanda vyenyewe vilikuwa vinazimika. Fiat iliingiza malori yake Iveco mwaka 1975. General Motors ilijitoa kwenye malori ya Bedford ya Uingereza katikati ya miaka ya 1980. Leyland iliungana na DAF 1987, na umoja huo ukaanguka 1993. Mtu angedhani hapo ndipo ingekuwa mwisho wa lori la Malolo. Haikuwa, na sababu iko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ashok Leyland ya India ilianza kuunda malori ya Leyland tangu miaka ya 1950 na kuendelea nayo kwa njia yake. Tata ilishirikiana na Daimler-Benz kuanzia 1954 hadi 1969, na malori yake ya baadaye yalibaki na damu ya Mercedes. Pakistani iliipenda Bedford kuliko Mwingereza alivyoipenda. Wanaipaka maua, tausi na mashairi, na wanaendelea kutengeneza vyuma vyake. Ndiyo maana kingipini ya lori lililoundwa Uingereza hufika Gerezani ikiwa imezungukia Karachi na Dubai, ndani ya boksi lenye maandishi ambayo muuzaji wala mnunuzi hawezi kuyasoma.

Ukiacha Gerezani, njia ya pili ya kupata kipuri ilikuwa makaburi ya malori. Kila mji wa barabara hii ulikuwa na uwanja wake: vichwa visivyo na vioo, ekseli zilizolala kwenye majani, fremu zilizogeuzwa benchi. Siku hizi viwanja hivyo vimesafishwa. Wanunuzi wa skrepa walipita na mizani yao, wakakata kila kitu kwa gesi na kupeleka kwenye viwanda vya nondo. Simlaumu aliyeuza, kilo ni kilo, na mwenye njaa hali kumbukumbu. Ila stelingi boksi nzima, iliyofungika, yenye meno mazuri ndani, ilipimwa kwa kilo ileile ya bati la mlango. Hiyo ndiyo hasara ninayoiona kubwa kuliko kufungwa kwa kiwanda chochote cha Ulaya.

Njia ya tatu ilikuwa kuchonga wenyewe, na hapa wilaya hizi za Morogoro hazikuwa maskini. Ukitoka Mikumi ukapita Kidatu unafika Mang'ula, ambako Wachina waliojenga reli ya TAZARA waliacha karakana kubwa yenye tanuri za kusubu chuma na mashine za kukereza. Ikawa kiwanda cha taifa cha zana na mashine. Kilisubu, kilikereza, kilifundisha vijana. Baadaye kikafifia, zikaja habari za ubinafsishaji, na kelele zake zikatulia. Nchi inayozungumza viwanda kila mwaka wa uchaguzi ingefaa ipite Mang'ula kwanza.

Lakini hata Mang'ula ingekuwa inaunguruma mpaka leo, si kila kipuri cha usukani kingefaa kutoka humo. Chuma cha kusubu humiminwa kikiwa maji na hupasuka kikipigwa ghafla. Chuma cha kufua hupigwa kikiwa chekundu, na nyuzi zake za ndani hufuata umbo la kitu. Mkono wa stelingi boksi na ncha za draglinki hufuliwa, na kuna sababu. Fundi mzuri wa Mikumi anaipanga kazi yake hivi: bushi za shaba atakereza mwenyewe na kuzipitisha rima hadi pini iingie kwa kusukuma kwa dole gumba. Kingipini atakubali kuichonga kwa shingo upande, kutoka kwenye shafti ya nyuma ya lori lililokufa, kwa kuwa shafti hiyo ni chuma cha heshima. Hata hivyo atataka igumishwe ngozi ya juu, na akishaigumisha atajaribu kuikwangua kwa tupa. Tupa ikiteleza, sawa. Ikiuma, pini hiyo ni laini na haitamaliza msimu. Boljointi hachongi. Draglinki haichomelei.

Hilo la mwisho ndilo watu wengi hawataki kulisikia. Draglinki iliyopinda inaonekana kitu rahisi: ipashe moto, inyooshe, ikipasuka ichomelee. Na ikichomelewa na mtu hodari inapendeza. Moto ule, hata hivyo, umebadilisha tabia ya chuma cha jirani. Itakaa miezi, pengine mwaka, ndipo ikatike, na haikatiki kwenye weldi. Hukatika kando yake, palipokuwa panang'aa na kuonekana pazima. Mchomeleaji atakuonyesha weldi yake ikiwa salama salimini, na atakuwa anasema kweli. Sawa na hiyo ni ile koterpini ndogo inayozuia nati ya boljointi isilegee. Bei yake haizidi soda. Nimeona mahali pake pakiwa na msumari uliokunjwa, na kwenye lori jingine waya wa kufungia miwa.

Mafundi wana kisa wanachopenda kusimuliana, na siwezi kuapa kilitokea gereji ipi kwa sababu kila gereji inasema kilitokea kwa jirani. Fundi alipata stelingi boksi safi kabisa ya gari la usukani wa kushoto, akaigeuza, akaifunga upande wa kulia, akakaza kila bolti kwa ustadi. Dereva akapanda kulijaribu. Akakata kushoto, lori likaenda kulia, ndani ya banda la mama muuza chai. Hakuna aliyeumia. Tunacheka kwa sababu ilikuwa gerejini na mwendo ulikuwa wa kutembea.

Mwendo ndio unaobadilisha bei ya kila kitu hapa. Ndani ya Malolo, lori lenye kingipini iliyokwisha linatembea pole kuliko baiskeli. Likikosea njia linaingia shambani na watu wanalitoa. Lori hilohilo likipanda lami na lumbesa mgongoni, likaelekea Iyovi, sasa liko kwenye miteremko na kona zenye historia ndefu ya ajali, linakutana na mabasi ya Mbeya na Songea, na mbele yake kuna kipande kirefu cha Hifadhi ya Mikumi ambako twiga na tembo hawatoi taarifa kabla ya kuvuka. Ukaguzi wa njiani huangalia tairi, taa, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Kingipini haionekani dirishani. Mpaka mtu ainue ekseli.

Kwa hiyo mimi simo katika wanaotaka malori haya yapigwe marufuku kwa umri, kwa hesabu ya mezani inayosema gari la miaka kadhaa ni chakavu. Lori la 1972 lenye kingipini mpya ni salama kuliko la 2015 lenye boljointi ya kubahatisha. Na aliyelipiga marufuku anipe kwanza jibu la nani ataingia Malolo msimu wa vitunguu. Lakini pia siungi mkono lori hilo kwenda Dar. Liishie Ruaha Mbuyuni. Mzigo ushushwe pale, uhamie kwenye gari la lami. Wafanyabiashara watasema kushusha na kupakia upya kuna gharama ya makuli, na kitunguu kinachubuka. Ni kweli. Gharama hiyo iwekwe kwenye bei, ikae wazi, badala ya kuwekwa kwenye mkono wa dereva anayeteremka Iyovi.

Ninayo haja moja ya kumwomba msomaji. Mikumi kuna chuo cha ufundi cha VETA, na vijana wake watafanya kazi kwenye barabara hii maisha yao yote. Wanakosa kitu ambacho fedha haziwezi kununua tena dukani: vitabu vya vipuri vya malori haya, vyenye michoro, namba na vipimo. Vilikuwa vingi. Viko kwenye masanduku ya makarani wastaafu wa stoo, Morogoro, Mbeya, Kibaha na Dar es Salaam, au kwenye vibanda vya waliofanya kazi mashamba ya mkonge. Ikiwa nyumbani kwenu kuna kitabu cha Fiat 682, cha Scania za Kibaha, cha Bedford au cha Leyland Comet, msikiuze kwa mfunga maandazi. Kipelekeni VETA Mikumi. Na ikiwa kitabu hakipo ila lori lipo, siku fundi atakapoitoa kingipini mwombeni aandike kwenye daftari unene wake katikati, urefu wake, na ni ya inchi au ya milimita, kisha nakala ya ukurasa huo iende chuoni hapo hapo.